Vipele vya ndevu: kuchagua kati ya mashine, unga, krimu na vidonge vya homiopathi

Mwanamume mwenye ndevu za kipilipili anayelazimika kunyoa kila siku anaijua wiki yake: Jumatatu kidevu kinang'aa, Jumatano shingo inawasha, na ikifika Ijumaa kola ya shati ina vidoa vya damu. Kinyozi atampangusa kwa spiriti, jirani atamwelekeza kwenye unga wa kunyolea, muuza duka la dawa atampa bomba la krimu, na hakosekani mtu wa kumkabidhi kichupa cha vidonge vyeupe vya homiopathi, aina ya tiba mbadala, na kumhakikishia kwamba hivyo ndivyo vinavyotibu kutoka ndani. Makala haya yanazipanga njia hizo sambamba kwa ajili ya mtu anayetaka kuchagua bila kupoteza fedha na, zaidi ya fedha, bila kuharibu ngozi. Nimezipitia karibu zote kwa shingo yangu mwenyewe isipokuwa leza, na msimamo wangu nausema mapema ili msomaji aupime kadiri anavyosoma: sifa ambayo vidonge hupewa katika ugonjwa huu ni stahili ya jambo jingine linalofanyika katika wiki zilezile, nalo ni wembe kuwekwa kando.

Kipele chenyewe

Haiwezekani kulinganisha tiba bila kukijua kinachotibiwa, na hapo ndipo wengi hupotea. Kipele cha ndevu si chunusi, wala si dalili ya damu chafu au ya chakula chenye mafuta. Udevu wa kipilipili huota kutoka kwenye kinyweleo kilichopinda, na hutokeza nje ukiwa tayari umeanza kujikunja. Wembe unapoupitia huuachia ncha ya mshazari, kali kama kijiti kilichochongwa, na ncha hiyo huingia katika ngozi kwa mojawapo ya njia mbili. Katika njia ya kwanza udevu hutoka nje, hukua milimita moja au mbili, hujipinda na kuichoma ngozi ya jirani. Katika njia ya pili udevu hukatwa chini ya usawa wa ngozi, ama kwa sababu mnyoaji aliivuta ngozi kwa vidole, ama kwa sababu alitumia kishikio chenye nyembe mbili au tatu zilizopangana, ambamo wa kwanza huuinua udevu na unaofuata huukata. Ngozi ikiachiwa, udevu hurudi ndani, na unapoanza kukua tena hutoboa ukuta wa kinyweleo kabla haujafika nje.

Kwa vyovyote vile, mwili hauutambui tena udevu huo kuwa wake. Huushambulia kama unavyoushambulia mwiba ulioingia kidoleni: pahali hapo huvimba, huwasha, huuma, na pengine hufanya kichwa cha usaha ambacho mara nyingi, hapo mwanzoni, hakina bakteria wowote. Kipele kinapopona huacha doa jeusi, na kwa watu wenye mwelekeo wa keloidi huweza kuacha kovu gumu lililoinuka. Madaktari wawili wa Marekani, John Strauss na Albert Kligman, waliueleza ugonjwa huu kwa undani mwaka 1956, na tangu hapo umefuatiliwa sana katika jeshi la nchi hiyo, ambako askari hutakiwa kunyoa kila siku. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba kati ya asilimia 45 na 83 ya wanaume weusi wanaonyoa huupata. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha pia kwamba badiliko moja katika jeni ya keratini, protini inayojenga nywele, huongeza uwezekano wa kuupata. Yaani tunazungumzia umbo la unywele tuliozaliwa nalo, na tiba yoyote inayodai kuung'oa ugonjwa huu moja kwa moja inapaswa kwanza kutuambia itaunyooshaje udevu.

Kuna magonjwa mengine yanayofanana nao ambayo si huo. Upele wenye usaha mwingi na magamba ya manjano unaoenea haraka huwa ni wa bakteria. Wenye duara linalotanuka na ndevu zinazong'oka kwa urahisi huwa ni fangasi. Na vile vinundu vigumu vya kisogoni vinavyoonekana kwa wateja wa saluni za kiume wanaonyolewa hadi ngozi ni ugonjwa wa karibu nao, lakini wenye mwendo wake na wenye ukaidi zaidi. Tofauti hii ina uzito katika habari ya homiopathi, kwa sababu vitabu vyake vya zamani, vinavyotaja dawa za upele wa kinyozi, viliandikwa miongo mingi kabla ya mwaka 1956, na upele uliokuwa ukizungumzwa ndani yake ulikuwa zaidi ule wa usaha na magamba. Anayemwandikia dawa hizo mtu mwenye ndevu zilizojichoma ndani amehamisha jina kutoka ugonjwa mmoja kwenda mwingine.

Wembe na mashine

Nianze na ulinganisho usio na mabishano mengi. Wembe hutoa kidevu laini, na kwa ndevu za kipilipili ulaini huo ndio chanzo cha taabu. Mashine ya umeme ya kinyozi, ikiachwa iache kisiki cha takriban milimita moja, haitoi ulaini huo, lakini haiukati udevu chini ya ngozi na wala haiuchongi kwa ukali uleule. Mtu akikutazama kutoka upande wa pili wa meza ya ofisi hataona tofauti. Mke wako akikubusu ataiona. Hiyo ndiyo gharama yake yote.

Sharti ni kumwambia kinyozi mapema, maana vinyozi wengi huona fahari kumaliza kwa mashine isiyo na kitana, namba sifuri, wakiigandamiza shingoni dhidi ya mwelekeo wa ndevu, kisha wakafuatisha wembe kwenye kingo ili mstari uonekane. Mwambie asiigandamize, afuate ndevu zinakoelekea, na mstari wa shingoni auchore kwa mashine ileile. Kama unaweza, nunua mashine yako. Hutaambukizwa fangasi wa mteja aliyekutangulia, wala hutabaki na wasiwasi wa homa ya ini aina ya B au virusi vya UKIMWI kila ngozi inapochanika.

Asiyeweza kuuacha wembe, kwa sababu ya kazi au kwa hiari yake, anaweza kuupunguzia madhara. Anyoe baada ya kuoga maji ya moto, au aweke kitambaa chenye maji ya moto kidevuni kwa dakika tano. Apake povu jingi na kuliacha lilainishe ndevu. Atumie wembe mmoja, mkali na mpya, badala ya kishikio chenye nyembe nyingi. Apitishe mara moja tu kufuata mwelekeo wa ndevu, na asiivute ngozi. Spiriti ya baada ya kunyoa inayofanya macho yatoe machozi haizuii kipele hata kimoja. Inasafisha, ndiyo, lakini pia inaikausha na kuiwasha ngozi ambayo tayari imekasirika.

Njia iliyo bora kuliko zote ni kuacha kunyoa kabisa kwa muda. Ndevu hukua karibu sentimita moja kwa mwezi, na udevu uliojichoma ukifikia urefu huo hujivuta wenyewe kama springi na kuchomoka. Wiki ya kwanza na ya pili hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa ndevu fupi ndizo zinazojipinda na kuchoma. Wiki ya nne hadi ya sita shingo huwa imetulia. Ninamwomba msomaji aikumbuke kalenda hii, kwa kuwa nitairudia. Wakati wa kusubiri, ncha zinazoonekana zimeingia ndani huinuliwa kwa sindano iliyosafishwa kwa spiriti, asubuhi, mbele ya kioo chenye mwanga mzuri: unapitisha sindano chini ya kitanzi cha udevu na kukiinua hadi ncha itoke, kisha unaacha hapo. Usiung'oe. Udevu uliong'olewa huota upya kutoka chini na huanza safari yake kwa kutoboa tena.

Kibiriti upele katika makopo mawili

Sasa nichukue njia mbili ambazo hakuna anayezilinganisha, ilhali zina asili ya karibu: unga wa kunyolea na dawa ya homiopathi inayotajwa mara nyingi zaidi kwa vipele vya usaha, yaani Hepar Sulph.

Unga wa kunyolea, ule unaokorogwa kwa maji hadi uwe kama uji mzito na kunuka mayai viza, hutegemea michanganyiko ya salfa, elementi ambayo madukani inajulikana kwa jina la kibiriti upele. Katika unga wa kopo mara nyingi huwa ni bariamu salfaidi. Katika krimu za bomba huwa ni kalsiamu thayoglikoleti. Vyote viwili huvunja vifungo vya salfa vinavyoishikilia keratini ya unywele, na udevu hulainika hadi ukakwanguliwa kwa mwiko wa mbao au wa plastiki. Faida yake ni kwamba udevu ulioyeyushwa huwa na ncha butu na laini, si mshazari mkali, kwa hiyo hauchomi kwa urahisi. Hasara yake ni kwamba ngozi nayo imejengwa kwa keratini. Ukiuacha unga dakika chache zaidi ya ilivyoandikwa kwenye kopo, au ukiurudia kesho yake, unababuka. Mimi nilibabuka mara ya pili tu kuutumia, nilipoupaka nikaenda kupokea simu. Nilirudi nikiwa na alama ya waridi yenye umbo la kidole gumba chini ya sikio, ikageuka gamba, kisha ikawa doa jeusi lililokaa miezi. Sheria zake ni kuujaribu kwanza mkononi na kusubiri siku nzima, kutumia saa badala ya kukisia, na kuupa uso angalau siku mbili za kupumzika kati ya matumizi.

Hepar Sulph nayo ni mchanganyiko wa salfa. Samuel Hahnemann, daktari Mjerumani aliyeasisi homiopathi na aliyeishi kati ya mwaka 1755 na 1843, aliitengeneza kwa kuchoma pamoja ganda la ndani la chaza na unga wa salfa, akapata kalsiamu salfaidi chafuchafu. Kalsiamu salfaidi, kwa kipimo kinachopimika, huyeyusha nywele, na imewahi kutumika kwa kazi hiyohiyo ya kunyolea. Kwa hiyo kama ningepewa Hepar Sulph jinsi ilivyotoka kwenye tanuru la Hahnemann na kuipaka shingoni, ingefanya kitu. Lakini vidonge havina kitu hicho.

Msingi wa homiopathi ni kwamba kinachoweza kuleta dalili kwa mtu mzima wa afya huweza kuziponya kwa mgonjwa. Hahnemann aliipata fikra hiyo mwaka 1790 baada ya kunywa magome ya mkwinini, mti ambao baadaye Wajerumani waliupanda Amani, katika milima ya Usambara, na kuona kwamba yalimletea dalili kama za homa ya malaria. Msingi wa pili ni kuzimua. Herufi C kwenye kichupa humaanisha kwamba sehemu moja ya dawa imechanganywa na sehemu 99 za maji au pombe na kutikiswa, kisha sehemu moja ya mchanganyiko huo ikazimuliwa tena vivyo hivyo. Kichupa changu kiliandikwa 30C, yaani kazi hiyo imerudiwa mara thelathini. Ziwa Victoria lina maji ya takriban kilomita za ujazo 2,700. Mtu akimwaga mililita moja ya dawa ziwani na kuweza kulikoroga ziwa zima, atakuwa amefikia kipimo kinachokaribia 9C tu. Kuanzia 12C hakuna uhakika wa kubaki hata molekuli moja ya kitu kilichoanzishwa nacho, na kutoka hapo hadi 30C kuna hatua nyingine kumi na nane za kuzimua. Kinachobaki katika kidonge ni sukari.

Kwa mpangilio huo, makopo haya mawili yanatofautiana hivi: unga una nguvu ya kweli na hatari ya kweli, na Hepar Sulph 30C haina hata moja kati ya hizo.

Saa moja kwa tabibu

Sitaki kuwadharau wanaokwenda huko, kwa sababu nilikwenda mwenyewe, na nilihudumiwa kwa heshima kuliko nilivyowahi kuhudumiwa popote kwa ajili ya shingo yangu. Katika zahanati nilizopitia nilitazamwa dakika mbili na kuandikiwa krimu. Tabibu wa homiopathi alikaa nami karibu saa nzima. Aliniuliza kama ninapenda joto au baridi, ninaota nini, jasho langu lina harufu gani, na maumivu ya kipele yanafanana na nini. Nilipojibu kwamba yanafanana na mwiba, aliandika haraka, kwa sababu katika mfumo wao mgonjwa anayehisi kuchomwa kama na mwiba, asiyependa kuguswa na anayechukia baridi ndiye mtu wa Hepar Sulph. Na kama vipele ni vigumu, vya muda mrefu, visivyotaka kuiva, hupewa Silicea, ambayo wao huamini inausukuma mwiba nje. Nakiri kwamba nilivutiwa. Picha yao ya ugonjwa ni sahihi, maana udevu uliozama kweli ni mwiba, na iliwabakia tu kuwa na kitu cha kuutolea.

Masharti yalikuwa haya: vidonge vinne chini ya ulimi asubuhi na jioni, nivimimine kwenye kifuniko bila kuvigusa kwa mkono, nisipige mswaki kwa dawa yenye mnanaa, nisinywe kahawa, na nisinyoe kwa wiki sita. Kwa mtu aliyelelewa kwenye baraza la kahawa chungu, sharti la kahawa lilikuwa gumu kuliko yote, na labda ndiyo sababu sikulitilia maanani lile la mwisho. Aliongeza kwamba wiki za mwanzo vipele vingeweza kuzidi, na kwamba kuzidi huko ni dalili njema, dawa inapoanza kuchokoza ugonjwa.

Msomaji aliyeikumbuka kalenda ya ndevu ameshaona kilichotokea. Wiki mbili za kwanza shingo ilizidi kuvimba, nami nikafurahi, nikijua dawa imeshika. Wiki ya tano ilikuwa laini. Nikawasifia vidonge hivyo watu watatu, na mmoja wao alikwenda kununua. Likizo iliisha, na ofisi niliyokuwa nikifanya kazi wakati huo ilitaka kidevu kisicho na kivuli, kwa hiyo nikarudi kwenye wembe huku nikiendelea na vidonge asubuhi na jioni, bila kukosa hata siku moja na bila kahawa. Siku ya kumi shingo ilikuwa palepale ilipoanzia. Miezi kadhaa baadaye nilihamia kwenye mashine, bila kidonge chochote na nikinywa kahawa yangu kama kawaida, na vipele vikapungua hadi vikabaki viwili vitatu chini ya taya. Shingo ya mtu mmoja si utafiti. Lakini mpangilio wa majaribio hayo matatu, ambayo wala sikukusudia kuyafanya, unatosha kumfanya mtu aulize ni kipi kilichobadilika kila mara hali ilipobadilika.

Ama utafiti wenyewe, upo, ingawa ni wa homiopathi kwa ujumla. Baraza la taifa la utafiti wa tiba la Australia lilipitia ushahidi na kutangaza mwaka 2015 kwamba hakuna ugonjwa wowote ambao kuna ushahidi wa kuaminika kwamba homiopathi inautibu. Huduma ya afya ya umma ya Uingereza iliwashauri madaktari mwaka 2017 waache kuiandika, na Ufaransa iliacha kurudishia wagonjwa gharama zake mwanzoni mwa mwaka 2021. Nchini Tanzania huduma za aina hii zina sheria yake, ile ya tiba asili na tiba mbadala ya mwaka 2002, na baraza linalosajili watoa huduma. Lakini usajili ni ruhusa ya kufanya kazi, na haupaswi kusomwa kama cheti kwamba kila kilichomo kwenye kichupa kinafanya kazi.

Krimu na vidonge

Katika ulinganisho huu ndipo ninapotofautiana na wale wanaoicheka homiopathi moja kwa moja, kwa sababu upande wa krimu una vitu vya msaada na vitu vya kuogofya kwenye rafu moja.

Vya msaada ni hivi. Tretinoini na adapalini, zinazopakwa usiku kidogo sana, hupunguza unene wa tabaka la juu la ngozi ili udevu upate njia ya kutokea. Huchubua kidogo wiki za mwanzo na huifanya ngozi iungue jua haraka. Asidi ya glikoliki hufanya kazi ya namna hiyo. Benzoili peroksaidi, peke yake au pamoja na klindamaisini, husaidia pale penye usaha, ila itafifisha rangi ya kila foronya na taulo utakayoigusa, kwa hiyo tafuta taulo nyeupe. Haidrokotisoni ya asilimia 1 hutuliza uvimbe na mwasho kwa siku chache. Hakuna hata moja kati ya hizi inayobadilisha umbo la udevu, na anayepaka tretinoini usiku na kujikwangua kwa wembe asubuhi anajaza maji kwenye pakacha. Ipo pia eflonithini, dawa iliyojulikana kwanza kwa kutibu malale katika nchi kama Kongo na Uganda kwa njia ya sindano, na ambayo ikiwa krimu hupunguza kasi ya nywele za usoni kuota.

Vya kuogofya ni zile krimu za mchanganyiko zinazouzwa bila cheti cha daktari, zenye klobetasoli au betamethasoni, ambazo ni steroidi kali, pamoja na dawa ya bakteria na ya fangasi kwenye bomba moja. Siku tatu za kwanza ni muujiza, kwa kuwa steroidi kali huzima uvimbe wowote. Baada ya wiki kadhaa ngozi hukonda na kung'aa, mishipa midogo huonekana, chunusi za steroidi huota, na mtu akiacha, vipele vya awali hurudi na wenzao. Wengine hutafuta krimu za kuondoa weusi wa shingoni na kuangukia zenye haidrokwinoni au zebaki, vitu vilivyopigwa marufuku katika vipodozi Tanzania na Kenya lakini ambavyo bado havijaisha mitaani.

Sasa basi, kama mtu ananiuliza achague kati ya krimu ya klobetasoli huku akiendelea kunyoa kila siku, na vidonge vya sukari vilivyoambatana na agizo la kutonyoa wiki sita, nitamwambia achukue vidonge. Havitamkondesha ngozi, na agizo litamponya. Lakini kama chaguo ni kati ya vidonge hivyo na agizo lilelile bila vidonge, sioni sababu ya kulipia kichupa.

Tahadhari moja kwa upande wa homiopathi: si kila kilichoandikwa jina hilo ni sukari tupu. Vipimo vya chini, kama vile 3X (X ni kuzimua kwa kumi badala ya mia), na tinki za kupaka huwa na mmea au madini halisi ndani yake. Krimu ya Calendula ni mfano mzuri. Ina dondoo halisi la ua, huweza kutuliza ngozi iliyokwanguliwa, na pia huweza kumletea mzio mtu ambaye ngozi yake haipatani na mimea ya jamii ya alizeti. Hiyo ihesabiwe kuwa ni krimu kama krimu nyingine. Hatari kubwa zaidi ni kuchelewa: mwenye keloidi inayokua, au usaha unaosambaa wenye homa, akiambiwa asubiri kwa sababu kuzidi ni dalili njema, anaweza kusubiri mpaka kovu limeshajijenga.

Leza, na nani achague nini

Leza sitaikawiza. Ndiyo njia pekee kati ya hizi inayopunguza udevu wenyewe kwa muda mrefu, kwa kuchoma mzizi wake. Kwa ngozi nyeusi inayofaa ni ile ya Nd:YAG yenye mawimbi ya nanomita 1064, inayopita kwenye rangi ya ngozi bila kuiunguza sana. Leza nyingine zilizobuniwa kwa ngozi nyeupe huweza kuacha malengelenge na mabaka. Huhitaji kurudiwa mara kadhaa kwa nafasi ya wiki kadhaa, hupatikana zaidi katika miji mikubwa, na bei yake si ya mlinzi wa lindo. Kabla ya kulipa, uliza aina ya mashine. Asiyeweza kukujibu usimpe shingo yako. Anayetaka kufuga ndevu siku moja asiiguse kabisa.

Kwa mwanamume ambaye dini, familia na mwajiri wake havimzuii kufuga ndevu, hakuna cha kulinganisha: afuge, azipunguze kwa mkasi, na habari imekwisha. Anayetakiwa aonekane nadhifu lakini asiyepimwa kwa kidole achague mashine ya milimita moja na, kama bado kuna vipele, aongeze tretinoini au adapalini usiku. Askari, mlinzi au mhudumu anayelazimishwa kuwa laini kabisa aombe kwanza cheti cha daktari cha kupumzisha wembe, kisha ajaribu unga wa kunyolea kila baada ya siku tatu kwa nidhamu ya saa. Hiyo ndiyo hali ambayo unga unastahili hatari yake. Wanawake wanaopata vipele hivihivi kwapani au kinenani wanaweza kufuata mpango wa mashine, lakini unga wa usoni wasiupeleke huko. Mwenye vinundu vigumu kisogoni, au kovu linalopanda, au weusi unaoenea, aruke yote niliyoyaandika na kumwona daktari wa ngozi. Kwa Tanzania, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo katika hospitali ya KCMC, Moshi, tangu mwaka 1992, kimefundisha wataalamu wanaohudumu hata nje ya nchi, na si lazima mtu asafiri hadi huko ili kuwapata.

Na aliyekwisha kununua vidonge vyake, akiwa bado hajafungua kizibo, ninamshauri abadilishe mpangilio tu. Aanze na mashine au na kutonyoa kabisa, wiki nne kamili, kichupa kikiwa kabatini na kahawa ikiwa kikombeni. Kila Jumapili asubuhi ahesabu vipele kutoka sikio moja hadi la pili na kuandika idadi ukutani nyuma ya mlango wa bafu, kama nilivyofanya mimi kwa penseli. Wiki ya tano, kwa hesabu iliyobaki pale, ndipo aamue kama kuna kazi iliyobakia kwa kichupa.